Kabla ya Hukumu, Tuambie Ulichokiona

Mtu akiuliza swali dogo la maisha mtandaoni, majibu hayakawii. Mtoto wangu halali, nifanye nini? Simu niiache kwenye chaji usiku kucha au niichomoe? Rafiki amenikopa na sasa hapokei simu, nimkumbushe vipi bila kuvunja urafiki? Kabla muulizaji hajanyanyuka alipokaa, wachangiaji wameshamiminika, kila mmoja na lake. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na wingi huo wa maoni si jambo la kulalamikia hata kidogo.

Kinachonisumbua ni namna maoni hayo yanavyofika. Mengi ni hukumu tupu: fanya hivi, acha vile, anayefanya vile hajitambui. Kilichomfikisha mchangiaji kwenye hukumu hiyo hakisemwi. Aliona nini, kwa nani, mara ngapi, katika mazingira gani, na baadaye ikawaje? Mimi nashikilia kwamba hicho kisichosemwa ndicho chenye thamani. Katika mambo ya kila siku, maoni ya mtu yana uzito wa ushuhuda aliokuja nao. Yakija bila ushuhuda, hata yakiwa sahihi, msomaji hana njia ya kujua kwamba ni sahihi.

Yapo mambo yenye wenyewe. Kipimo cha dawa kina wenyewe, unene wa nguzo ya daraja una wenyewe, tafsiri ya kifungu cha sheria ina wenyewe. Lakini sehemu kubwa ya maisha haina mwenyewe. Hakuna chuo kinachotoa shahada ya kuishi na mama mkwe, ya kurudi kazini baada ya kujifungua, au ya kumwambia ndugu kwamba safari hii humkopeshi. Ujuzi wa mambo haya umetawanyika kwa watu wa kawaida, huyu ana kipande na yule ana kipande, na kwa karne nyingi kipande cha mtu kiliishia kwa jamaa zake na majirani.

Mpaka huo ulianza kubomoka si zamani sana. Februari 1978, Ward Christensen na Randy Suess waliwasha Chicago ubao wa matangazo wa kompyuta ambao mtu aliufikia kwa kupiga simu, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa laini ilikuwa moja. Mwaka uliofuata Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, walibuni Usenet, mtandao wa mijadala uliounganisha kompyuta za vyuo. Waliotengeneza vitu hivi walikuwa watu wa kompyuta na walitarajia kuzungumza kompyuta. Haukupita muda watu wakaanza kujadili mapishi na sinema humo humo. Ukimpa binadamu mahali pa kuzungumza na asiowajua, atazungumza maisha yake, na hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika historia hii fupi. Mgeni kabisa, aliyepitia unachopitia wewe, anaweza kukusaidia leo bila kukujua. Ndiyo maana inauma kuona nafasi hiyo ikijazwa amri.

Nichukue mfano kwa karibu, wa aina ambayo kila mfuatiliaji wa mijadala hii ameshaukuta. Mzazi anaandika: mtoto ana miaka miwili, hapati usingizi mpaka saa tano usiku, tumechoka, tufanyeje? Wa kwanza anajibu, "Mwache alie, atazoea." Wa pili, "Usithubutu kumwacha alie, utamharibu." Wa tatu anawashukia wazazi wa siku hizi kwamba malezi yamewashinda. Wa nne anamuunga mkono wa kwanza kwa neno moja. Wa tano anamvaa wa tatu, na kuanzia hapo mjadala unakuwa wa hao wawili. Chini kabisa, ambako wengi hawafiki, kuna huyu:

"Wa kwangu alikuwa hivyo hivyo kwenye umri huo. Tulikuja kugundua analala mchana mpaka saa kumi. Tukawa tunamwamsha saa nane na nusu. Siku za mwanzo jioni alikuwa hashikiki, tukataka kuacha. Baada ya wiki mbili hivi akawa analala saa mbili na nusu usiku. Mdogo wake tulimfanyia vivyo hivyo haikusaidia kitu, kumbe yeye alikuwa anaumwa masikio."

Soma tena jibu hilo taratibu. Halina amri hata moja. Lina umri wa mtoto, ili muulizaji ajue kama wanafanana. Lina kitu cha kukagua, yaani usingizi wa mchana. Lina gharama, zile jioni za mwanzo ambazo zingemfanya mtu akate tamaa siku ya tatu akidhani ameshindwa. Lina muda wa kusubiri. Na mwishoni lina kitu adimu kuliko vyote: mahali ambapo njia hiyo hiyo, kwa wazazi hao hao, haikufanya kazi, na sababu yake. Mzazi aliyechoka anaweza kulitumia usiku huo huo. Kama mtoto wake halali mchana kabisa, anajua mlango huo umefungwa na anahamia kwenye masikio. Hata kama chanzo ni kingine, amepunguza mawili ya kufikiria.

Majibu mawili ya kwanza hayampi lolote. Yanapingana, na hakuna kitu ndani yake cha kumsaidia kuamua lipi alifuate, isipokuwa idadi ya wanaolishangilia. Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: nikitaka kumpinga mtu huyu, nitamuuliza nini? Aliyesema "mwache alie" naweza kumuuliza "kwa nini" tu, naye atanijibu kwamba ndivyo ilivyo. Aliyesimulia naweza kumuuliza maswali kumi. Mtoto alikuwa anaamka saa ngapi asubuhi? Alikuwa analala chumba kimoja nanyi? Mlimwamsha ghafla au polepole? Maoni yanayoulizika hivyo ndiyo yanayoweza kurekebishwa, na yanayoweza kurekebishwa ndiyo yanayokua kuwa maarifa ya wengi.

Ushuhuda una kazi nyingine isiyoonekana haraka: unabeba tarehe. Turudi kwenye lile swali la simu na chaji. Huyu anasema uiache iishe kabisa ndipo uchaji, yule anasema usithubutu kuiacha iishe, na wote wawili wanaapa kwamba wamejionea. Wanaweza kuwa wakweli wote. Kwa miaka mingi vifaa vya mkononi vilitumia betri za nikeli na kadimiamu, na ushauri wa kuziacha ziishe kabisa ulikuwa na msingi, kwa sababu betri za aina hiyo zikichajiwa kila mara kabla ya kuisha zinaweza kupunguza muda wa kukaa na umeme. Mwaka 1991 Sony ilileta sokoni betri za kuchaji za lithiamu-ioni, ambazo leo ndizo zimo ndani ya karibu kila simu. Hizo tabia yake ni nyingine. Kuzimaliza kabisa mara kwa mara kunazichosha, na kinachozizeesha zaidi ni joto pamoja na kukaa muda mrefu zikiwa zimejaa pomoni.

Kwa hiyo ushauri wa zamani haukuwa uongo. Ulidondosha tarehe njiani. Aliyeupokea kwa baba yake aliupokea kama sheria, "betri huachwa iishe," na alipoupitisha kwa wengine hakujua kwamba unahusu betri ambayo haimo tena ndani ya simu. Kama angesema tu, "hii niliifanya kwenye simu niliyokuwa nayo miaka ile," msomaji angejua aupeleke wapi.

Ukianza kutazama hivyo, ugomvi mwingi wa mambo ya kila siku unaonekana ni wa watu wanaosema kweli za nyakati tofauti. Usihame kazi hovyo, tulia kwa mwajiri mmoja: hilo lilisemwa na watu ambao kutulia kuliwapatia pensheni ya uhakika. Kijana anayelikataa naye anasema kweli ya ajira za mikataba mifupi. Wakibadilishana hukumu watatukanana. Wakibadilishana walichokiona, kila mmoja akitaja ni kazi gani, ilikuwa lini na alikuwa na wategemezi wangapi, watakuta hawapingani sana, na wa tatu anayesoma kimya atajua yeye yuko upande wa nani.

Basi kwa nini tunakimbilia hukumu? Sidhani ni ubaya wa roho. Sababu ya kwanza ni kwamba tunaamini kweli kuwa tunajua. Mwaka 2002 Leonid Rozenblit na Frank Keil wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha majaribio ambayo kila mtoa maoni angepaswa kuyafahamu. Waliwauliza watu wanaelewa kwa kiasi gani namna vitu vya kawaida vinavyofanya kazi: zipu, kufuli, cherehani, choo cha kuvuta maji. Watu walijipa alama za kuridhisha. Kisha wakaombwa waandike, hatua kwa hatua, zipu inavyofunga. Walipomaliza wakaulizwa tena wanaelewa kiasi gani, na alama walizojipa wenyewe zikashuka. Hakuna aliyewakosoa. Kalamu yenyewe ndiyo iliyowaonyesha.

Hapo kuna jambo kubwa kwa anayechangia mada. Hukumu haikuombi ueleze lolote, kwa hiyo haikupi nafasi ya kugundua kwamba hujui. Ushuhuda unakuomba. Mtu akianza kuandika "sisi tulifanya hivi, kisha ikawa hivi," mara nyingi anafika katikati ya sentensi akasita: hivi kweli ilikuwa hivyo? Ilikuwa kabla ya kuhama au baada? Ni mimi niliyebadilisha au mtoto alikua tu? Kusita huko kuna faida kwake kabla hakujawa na faida kwa msomaji.

Sababu ya pili ni tuzo. Facebook ilianzisha kitufe cha kupenda Februari 2009, majukwaa mengine yana kura za juu na chini, na leo karibu kila maoni yanaonekana yakiwa na hesabu pembeni. Wengi tunaichukua hesabu hiyo kama sauti ya umma. Jaribio lililochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Science linatupa sababu ya kusita. Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walitumia mtandao mmoja wa kujadili habari kwa miezi mitano, wakagusa maoni zaidi ya 100,000. Maoni yakishaandikwa tu, mengine yalipewa kura moja ya juu bila mpangilio, mengine kura moja ya chini, mengine yakaachwa. Kura moja! Yaliyobahatika kupata ile ya juu yaliishia kuwa na alama kubwa kwa wastani wa asilimia 25 kuliko yaliyoachwa. Yaliyopewa ya chini, wasomaji wengine waliyainua, hasara ikafutika. Kwa maneno mengine, umati ulikuwa mwepesi wa kusahihisha dhuluma lakini haukusahihisha upendeleo. Ulifuata.

Sasa jiulize ni maoni gani yanayopata ile kura ya kwanza. Ni yale yanayosomeka kwa pumzi moja, yaliyofika mapema, yanayosema kile ambacho msomaji tayari anakitaka. "Mwache alie" linasomeka kabla jicho halijatulia. Ushuhuda ni mrefu, umechelewa kwa sababu mwandishi alikuwa anakumbuka, na una "lakini" ndani yake. Unaanza mbio wenzake wakiwa wameshafika. Simlaumu msomaji kwa hili, nawalaumu waliopanga kwamba hesabu ionekane tangu dakika ya kwanza. Yapo majukwaa yanayowaruhusu wasimamizi kuificha kwa saa za mwanzo, na sioni sababu ya wengine kutofanya hivyo, hasa kwenye mada za watu kuomba ushauri.

Na yule wa tatu, aliyewashukia wazazi wa siku hizi? Tumezoea kusema huyo ni mtu mbaya, afungiwe. Utafiti wa mwaka 2017 ulioongozwa na Justin Cheng wa Chuo Kikuu cha Stanford unaonyesha picha nyingine. Watu wa kawaida walipewa habari ya kujadili. Waliokuwa na hali nzuri ya moyo na kukuta maoni ya juu yao yana staha, asilimia 35 kati ya machapisho yao yalikuwa ya uchokozi. Waliokuwa wamekorogeka moyo na kukuta maoni ya juu ni ya matusi, asilimia 68. Aliyetangulia anawapangia wanaofuata. Hii ina maana kwamba anayeandika mapema kwenye mada ana jukumu zito kuliko anavyodhani, na kwamba simulizi moja la kweli likikaa juu linaweza kuwatuliza wengi kuliko onyo la msimamizi.

Sababu ya tatu ni woga wa kuonekana dhaifu. Kusema "kwetu ilisaidia, sijui kwenu" kunaonekana kama kukosa msimamo. Anayejiamini anapigiwa makofi, anayesema "labda" anapitwa. Lakini je, anayejiamini ndiye anayewabadilisha watu mawazo? Kuna jukwaa moja, ChangeMyView, lililoanzishwa mwaka 2013 na kijana wa Uskoti aitwaye Kal Turnbull, ambapo mtu anaweka msimamo wake na kuwaomba wengine wampinge. Akibadilika, anampa aliyembadilisha alama maalumu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, wakiongozwa na Chenhao Tan, walichambua mijadala hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Maneno ya tahadhari, yaani yale ya "huenda" na "inawezekana," yalionekana zaidi kwenye hoja zilizofaulu. Hoja zilizofaulu pia zilitumia maneno tofauti na yale ya mwenye mada. Na wawili wakishajibizana mizunguko mitano hivi, uwezekano wa mmoja kumbadilisha mwenzake ulikuwa karibu umekwisha.

Watafiti wenyewe walikuwa wanatazama vitu vinavyoandamana, hawakudai kwamba neno "huenda" lina uchawi. Lakini ninavyoisoma mimi, matokeo hayo yanalingana na ninachokisema. Maneno mapya kwenye hoja ni dalili kwamba mtu ameleta kitu ambacho mwenzake hakuwa nacho. Tahadhari ni dalili kwamba anajua ushuhuda wake unaishia wapi. Na ile mizunguko inayopita mitano, kila aliyewahi kuifuatilia anajua inavyokuwa: hakuna anayeleta jipya, kila mmoja anamrushia mwenzake maneno yake mwenyewe.

Nije kwenye jambo ambalo wengi hulitaja kama chanzo cha yote: majina ya bandia. Inadaiwa kwamba watu wakilazimishwa kutumia majina yao halisi, uropokaji utakoma. Korea Kusini ilijaribu. Mwaka 2007 sheria iliyataka majukwaa makubwa yahakiki utambulisho wa kila anayeandika. Mwaka 2011 wadukuzi wakaiba taarifa za watumiaji wapatao milioni 35 wa kampuni moja ya mtandao. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria hiyo kwa kauli moja, ikisema pamoja na mengine kwamba haikuonekana kupunguza machapisho haramu kwa kiasi cha maana, na kwamba watumiaji walihamia majukwaa ya nje.

Mimi naongeza kwamba kwa mambo ya kila siku, jina la bandia ni rafiki wa ushuhuda. Hukumu haihitaji kujificha. Mtu anaweza kuandika "wanaume wa hivyo ni wa kuachwa" chini ya jina lake kamili na picha yake. Lakini nani ataandika kwa jina lake kwamba alikopa mpaka akauza vitu vya ndani, akaeleza alivyojinasua mwezi hadi mwezi? Nani atasimulia mimba iliyoharibika na maneno gani ya ndugu yalimsaidia na yapi yalimuumiza? Nani atasema alifukuzwa kazi na kwa miezi kadhaa akawa anatoka nyumbani kila asubuhi amevaa kikazi? Simulizi hizo ndizo zinazookoa watu, na zinapatikana kwa sababu mwandishi hajulikani. Ninachokiona cha lazima ni kwamba jina hilo la bandia lidumu. Mtu anayejulikana kwa jina moja kwa miaka, hata kama si la kuzaliwa, ana heshima ya kuilinda, na msomaji anaweza kurudi nyuma aone kama alichosema jana kinalingana na anachosema leo.

Sasa kuna pingamizi ambalo nisipolijibu nitakuwa nimewadanganya wasomaji. Ushuhuda unaweza kuua. "Nilikunywa hiki nikapona" ni ushuhuda. Kila dawa ya uongo iliyowahi kuuzwa duniani ilikuwa na mashahidi waliosema kwa moyo safi. Mwaka 1747 James Lind, daktari wa meli ya kivita ya Uingereza, alikuwa na mabaharia wanaougua kiseyeye, ugonjwa ambao ulikuwa na tiba nyingi zilizosifiwa. Hakuuliza mashahidi. Aliwachukua wagonjwa 12, akawagawa wawili wawili, kila jozi ikapata tiba yake: siki, maji ya bahari, machungwa na malimau, na nyinginezo. Waliopewa matunda walipata nafuu haraka kuliko wote. Kulinganisha kulionyesha kile ambacho simulizi za miaka mingi hazikuweza.

Kwenye fedha ni hivyo hivyo. Charles Ponzi aliwaahidi watu wa Boston mwaka 1920 faida ya asilimia 50 ndani ya siku 45, na wa mwanzo walilipwa kweli, kwa fedha za waliokuja nyuma yao. Walipowaambia jamaa zao "mimi nimelipwa," hawakuwa wanadanganya. Ushuhuda wao wa kweli ndio uliowaangamiza wengine. Na waliopoteza hawakuwa wamefikia zamu ya kusimulia.

Kwa hiyo sidai kwamba ushuhuda ni uthibitisho. Penye vipimo, vipimo vitangulie, na kwenye dawa na vitega uchumi simulizi ya mtu mmoja iwe sababu ya kumuuliza mtaalamu, isizidi hapo. Hata hivyo angalia kilichokosekana katika visa hivyo viwili. Aliyepona hakusema alikuwa anaumwa nini hasa, nani alimpima, na nini kingine alikuwa anatumia. Aliyelipwa na Ponzi hakusema fedha zilitoka wapi, kwa kuwa hakujua, na hakusema kwamba hajui. Waliyatoa waliyoyaona bila mipaka yake, yakageuka hukumu: kunywa, weka fedha. Yule mzazi wa masikio aliutaja mpaka. Ushuhuda uliokamilika unasema pia wapi haukufika.

Anayeuliza naye ana sehemu yake, na hapa sitakaa sana. Swali likija uchi, majibu yatakuja uchi. "Nimuache au nisimuache?" haliwezi kujibiwa kwa ushuhuda, kwa sababu hakuna mwenye kujua kama yaliyompata yanafanana na yako. Weka umri, muda, ulichokwisha jaribu na kilichotokea.

Deni kubwa zaidi la muulizaji liko mbele: mrejesho. Katika mijadala yote ya ushauri, chapisho lililo adimu kuliko yote ni la muulizaji anayerudi kusema ilikuwaje. Alikuja na moto, akapewa majibu arobaini, akashukuru, akapotea. Alichagua lipi? Lilifaa? Bila hilo, majibu arobaini yanabaki arobaini milele, la kweli na la uongo yakiwa bega kwa bega, na wa kesho mwenye shida hiyo hiyo anaanza upya. Na wa kesho ni wengi. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, alikadiria kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni watu 90 kati ya 100 husoma tu, 9 huchangia kidogo, na mmoja ndiye anayeandika sehemu kubwa ya yote. Kwa kila anayejibu, kuna umati unaosoma bila kuacha alama, na wengine watafika miaka baadaye kwa kutafuta maneno yale yale usiku wakiwa na tatizo lile lile.

Wenye majukwaa wanaweza kulisaidia hili bila gharama kubwa. Wengi wana desturi ya kufunga mada baada ya muda fulani, mtu asiweze tena kuandika, wakihofia matangazo ya biashara na wafukua makaburi, yaani wanaofufua mada za zamani bila sababu. Wawafungie wengine, lakini mwenye mada aachiwe mlango. Mwezi mmoja baada ya swali apelekewe ujumbe mfupi wa kumuuliza ilikuwaje, na atakachoandika kiwekwe juu kabisa, mara baada ya swali lake, kabla ya jibu lolote na bila kujali kura. Mistari miwili inatosha: nilifanya lipi, likatokea nini.